Pedali na Amplifaya: Sauti ya Gita Kati ya Embu na Meru

Sifa na lawama nyingi ambazo wapigaji wa gita huzielekeza kwa pedali zao zingestahili kuelekezwa kwa amplifaya, kwa kuwa pedali, yaani kile kisanduku kidogo cha chuma kinachowekwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu ili kuitia sauti madoido, haifiki masikioni mwa mtu peke yake: hupokea mawimbi hafifu ya umeme kutoka kwenye gita, huyabadili umbo, kisha huyakabidhi kwa chombo kingine ambacho ndicho chenye kauli ya mwisho. Vitabu vya ufundi vya Marekani na Uingereza hulieleza jambo hili kwa kudhani kwamba kila mpigaji ana amplifaya ya gita. Katika nyanda za mashariki mwa Mlima Kenya, kuanzia Embu na Runyenjes, kupitia Chuka na Nkubu hadi mji wa Meru na kuendelea hadi Maua, dhana hiyo haisimami, kwa sababu magita mengi yanayopigwa hadharani hayaingii kabisa katika amplifaya ya gita, bali huchomekwa moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, ya baa au ya mitambo iliyokodiwa kwa siku moja.

Ili kuona ni kwa nini tofauti hiyo ina uzito, yafaa kwanza kuangalia muziki wenyewe unadai nini. Benga, iliyozaliwa katika eneo la Ziwa Victoria katika miaka ya 1960 na kupewa sura yake na watu kama D. O. Misiani wa Shirati Jazz, ilienea kupitia studio na maduka ya santuri ya River Road jijini Nairobi hadi ikapata waimbaji wa Kikamba, Kikuyu, Kimeru na Kiembu, na kila mahali ilipofika ilibaki na nguzo yake ileile, ambayo ni gita la solo lenye sauti nyembamba, kali na safi, linaloujibu ubeti wa mwimbaji na kisha kuachiwa uwanja likimbie peke yake waimbaji wanaponyamaza. Mugithi nayo, ambayo tangu miaka ya 1990 imewafanya watu kama Mike Rua wajulikane kwa kukesha na umati wakiwa na gita moja tu mkononi, inadai jambo gumu zaidi, kwani gita hilo moja linatakiwa lishike besi, ridhimu na solo kwa pamoja, mara nyingi likisaidiwa na kinanda au mashine ya midundo. Nyimbo za injili za Kimeru na Kiembu, zinazosikika kila siku katika vituo kama Muuga FM na Wimwaro FM, zimerithi kutoka pande hizo mbili. Katika mitindo yote hii, mpigaji anahitaji kila uzi usikike kando na mwenzake, na hitaji hilo ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi wa pedali kabla ya picha za nyota wa roki wa ng'ambo.

Amplifaya za gita, kwa maelezo mafupi, ni za aina mbili kubwa, na ya tatu iliyozaliwa na kompyuta. Aina kongwe ni ya vali, yaani chupa ndogo za kioo zilizotolewa hewa ndani, ambazo huwaka kwa rangi ya chungwa na kukuza umeme wa gita kwa kutumia volti mia kadhaa. Sifa ya vali ni kwamba zinaposukumwa kupita uwezo wake hazikati wimbi la sauti kwa ghafla, bali hulibonyeza taratibu sehemu ya juu, na mbonyezo huo huongeza sauti za ziada zinazolandana na noti ya asili, kiasi kwamba sikio hulipokea kosa hilo la kiufundi kama utamu. Aina ya pili ni ya transista, vipande vidogo vya silikoni vilivyochukua kazi ya vali. Hizi ni nyepesi, hazipashi moto sana, hazihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini zikizidiwa hukata kilele cha wimbi kama kilichofyekwa, na matokeo yake ni sauti kavu inayokwaruza. Aina ya tatu huibadili sauti kuwa tarakimu, ikaigiza kwa hesabu tabia ya amplifaya maarufu, kisha ikairudisha kuwa sauti.

Pedali nyingi zinazopendwa zilibuniwa zikiwa zimelenga mojawapo ya aina hizo, na hapo ndipo kutoelewana huanzia. Ovadraivu, ambayo ni pedali ya kuipa sauti ukali wa wastani, mfano wake maarufu ukiwa ni Tube Screamer ya Ibanez iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, hufanya kazi yake bora kabisa inapowekwa mbele ya amplifaya ya vali ambayo tayari iko karibu na ukomo wa uwezo wake: hupunguza besi kidogo, huinua masafa ya kati, kisha huzisukuma vali zenyewe zikamilishe kazi. Ikichomekwa kwenye amplifaya ya transista yenye sauti safi, hakuna vali za kusukumwa, kwa hiyo kinachosikika ni nusu ya kazi tu, na mpigaji hulalamika kwamba pedali aliyoisikia katika rekodi ni moto, yake ni maji. Distoshoni, kwa upande mwingine, hukata mawimbi ndani ya kisanduku chenyewe bila kusubiri msaada, na ndiyo maana DS-1 ya Boss, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, huvumilia vizuri zaidi amplifaya safi ya transista. Si kila kinachoitwa cha hali ya chini kwa sababu ya transista kinastahili jina hilo: amplifaya ya JC-120 ya Roland, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na spika mbili na mashine mbili za wati 60 kila moja, ni ya transista tupu, na usafi wake umeifanya ipendwe na wapigaji wa aina nyingi duniani. Ndani yake mlikuwa na korasi, doido linalolifanya gita moja lisikike kama magita mawili yaliyopishana kidogo, na mwaka 1976 watengenezaji waliitoa korasi hiyo ndani ya amplifaya wakaiweka katika kisanduku cha peke yake, CE-1, ambacho ndicho kilichotangulia pedali zote za korasi. Kwa mpigaji wa benga, urithi huo wa transista una maana kubwa kuliko vali zote za London.

Amplifaya za vali, kusema kweli, ni chache katika miji hii, na sababu zake si za sikio tu. Twin Reverb ya Fender, mojawapo ya zinazosifiwa sana kwa sauti safi, ina uzito wa karibu kilo 29, mzigo ambao makanga wa matatu ya Embu kwenda Meru ataulipisha nauli ya abiria. Zaidi ya hayo, zinazoletwa na jamaa wanaorudi kutoka Marekani hutengenezwa kwa umeme wa volti 120, ilhali Kenya hutumia volti 240, na amplifaya ya aina hiyo ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza volti huungua kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Ikumbukwe pia kwamba amplifaya ya vali haifai kuwashwa na kupigwa ikiwa haijaunganishwa na spika, kwani transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuharibika, na kwamba umeme hubaki ndani yake hata baada ya kuzimwa, hivyo fundi wa redio asiyeizoea asiifungue kwa kubahatisha.

Suala kubwa la Meru na Embu, basi, ni miksa. Miksa ni meza ya vifundo inayokusanya sauti za maikrofoni, kinanda na magita, ikazipima na kuzituma kwenye amplifaya kubwa na spika za ukumbi, na haikubuniwa kwa ajili ya gita la umeme. Vinasa vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi za gita hutoa umeme dhaifu ambao hauwezi kubeba mzigo, na kwa sababu hiyo chombo kinachoupokea kinatakiwa kiwe na ukinzani mkubwa mlangoni, kwa kawaida omu milioni moja hivi. Tundu la kawaida la miksa huwa na omu elfu kumi au zaidi kidogo. Gita likichomekwa humo moja kwa moja, masafa ya juu hunyonywa na sauti hufifia, kana kwamba nyuzi zimechakaa. Wapigaji wengi hulijua tatizo hili kwa masikio bila kulijua kwa jina, na ndiyo asili ya dai ambalo huonekana kama ushirikina, kwamba pedali fulani huinoa sauti hata kama haijakanyagwa. Dai hilo ni kweli. Pedali za Boss na nyinginezo nyingi zina bafa ndani yake, yaani saketi ndogo inayolipokea gita kwa ukinzani mkubwa na kulipeleka mbele kwa nguvu, na bafa hiyo hufanya kazi wakati wote ambapo pedali ina umeme, iwe imewashwa au la. Pedali ambazo zikizimwa huuacha waya wa gita upite moja kwa moja, ambazo wauzaji huzinadi kwa bei ya juu, hazina msaada huo zikiwa zimezimwa.

Tatizo la pili la miksa liko upande wa pili wa safari, kwenye spika. Spika ya gita ya inchi 12 huanza kupoteza nguvu kwa kasi baada ya masafa ya kilohezi 5, na upungufu huo ni sehemu ya sauti inayojulikana kama ya gita la umeme, kwa sababu huchuja makali yote yanayozaliwa na ovadraivu na distoshoni. Spika za ukumbi zina honi ya kutoa masafa ya juu hadi karibu kilohezi 20 ili maneno ya mhubiri yasikike hadi safu ya nyuma, na kwa uaminifu uleule huyatoa makali hayo yote bila kuyachuja, na hapo ndipo solo iliyopangwa iwaamshe waumini inapogeuka kuwa nyuki ndani ya debe. Mtu wa mitambo, akitaka kusaidia, huzungusha kifundo cha masafa ya juu kwenye miksa, lakini katika miksa nyingi kifundo hicho hugusa zaidi masafa ya kilohezi 10 au 12 kwenda juu, huku kero yenyewe ikiwa chini ya hapo, kati ya kilohezi 3 na 8, kwa hiyo mng'ao wa juu hupotea na nyuki hubaki. Dawa ni kiigiza-spika, saketi au programu inayoiga uchujaji wa kasha la spika ya gita, ambayo siku hizi hupatikana ndani ya mashine nyingi za madoido mengi na katika baadhi ya visanduku vya DI, vile vinavyobadili umeme dhaifu wa gita uwe imara wa kusafiri katika waya mrefu hadi kwenye miksa. Magita yasiyopitia kiigiza-spika hayana budi kupunguziwa ukali kwenye pedali yenyewe, pale palipoandikwa toni, kabla sauti haijaondoka jukwaani.

Historia ina kichekesho chake hapa. Fazi, doido kali kuliko yote, asili yake ni kasoro ya miksa: mwaka 1961, katika studio moja ya Nashville, sehemu ya miksa iliharibika wakati Grady Martin akirekodi solo ya besi katika wimbo wa Marty Robbins, na mngurumo uliotokea ukapendwa, ukaigwa, na mwaka ufuatao ukauzwa katika pedali ya Maestro Fuzz-Tone. Vijana wa Zambia katika miaka ya 1970, bendi ya WITCH ikiwa miongoni mwao, waliichukua fazi pamoja na wawa, ile pedali ya kubembeza mbele na nyuma inayolifanya gita liseme kama mdomo unaofunguka na kufumbwa, wakajenga juu yake mtindo mzima ulioitwa Zamrock. Benga haikufuata njia hiyo, na kuna sababu ya kifizikia inayoonyesha kwamba masikio ya wapigaji wake yalikuwa na busara.

Mpigaji wa benga hupenda kupiga noti mbili kwa pamoja, zilizotengana kwa hatua ya tatu ya ngazi ya muziki. Noti ya la yenye hezi 440 ikipigwa pamoja na mwenzake wa juu yake wa hezi 554, amplifaya safi hutoa hizo mbili na tamati, lakini zikipitishwa pamoja katika distoshoni huzaliana: hutokea sauti ya jumla yao na sauti ya tofauti yao, na tofauti hiyo, ambayo ni hezi 114, huangukia kati ya noti mbili za besi bila kuwa sawa na yoyote. Gita la besi, ambalo katika benga ndilo linalowainua watu vitini, hukuta mahali pake pamekaliwa na mngurumo usio na tuni. Anayetaka ukali katika muziki wa aina hii aupate kwa ovadraivu iliyofunguliwa kidogo sana, na zaidi kwa vidole.

Kilicho na faida ya kweli ni kompresa, pedali isiyo na umaarufu wowote kwa sababu ikipangwa vizuri hakuna anayeitambua. Kompresa hushusha noti zilizopigwa kwa nguvu na kuinua zilizopigwa kwa ulaini, hivyo katika mbio za solo kila noti hutoka kwa kimo kimoja. Kwa mpigaji anayeingia katika miksa, mpango unaoeleweka ni kuianza safari na kompresa, kifundo cha kubana kikiwa robo ya mzunguko na kifundo cha kiasi kikiwa pale ambapo sauti haipandi wala haishuki pedali inapokanyagwa. Kisha ovadraivu, geini, yaani kiwango cha ukali, ikiwa karibu na sifuri na kiasi kikiwa kimepandishwa kidogo ili gita lijitokeze wakati wa solo. Kisha korasi ya mwendo wa polepole. Na mwisho mwangwi. Mpangilio huo una mantiki yake, kwani mwangwi ukitangulia ovadraivu, kila mrudio wa sauti nao hukwaruzwa na kurundikana juu ya mwenzake. Amplifaya za vali zenye ukali wake ndani hutatua jambo hilo kwa matundu mawili ya nyuma, moja la kutoa na jingine la kurudisha, ambayo huruhusu mwangwi uingizwe baada ya hatua ya ukali na kabla ya hatua ya nguvu. Miksa na amplifaya safi hazina haja nayo.

Kuhusu mwangwi, mahali pa kupigia ni sehemu ya mtambo. Kanisa lenye paa la mabati, sakafu ya saruji na madirisha ya vioo lina mwangwi wake lenyewe, tena mwingi, na pedali ya mwangwi wa ukumbi ikiongezwa humo hufuta maneno ya kwaya na solo kwa pamoja. Humo kinachofaa ni mrudio mmoja mfupi wa milisekunde 100 hivi, unaoipa sauti unene bila kuacha mkia. Mvua za Aprili au Novemba zikianza kupiga bati hakuna pedali itakayoshinda, na mpigaji mwenye hekima humwachia mpiga ngoma. Nje, kwa mfano katika uwanja wa Kinoru mjini Meru, hali hugeuka kabisa, maana hewa wazi hairudishi kitu, na gita lililosikika tamu ndani hutoka likiwa kavu, hivyo mwangwi wa ukumbi na mrudio mrefu uliopimwa kwa wimbo hupata nafasi yake: katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 500, na mrudio uliowekwa hapo huingia ndani ya mdundo badala ya kuuvuruga.

Limebaki suala la umeme, ambalo lingestahili mazungumzo ya peke yake. Pedali nyingi hutumia volti 9 na hutaka ncha ya katikati ya plagi iwe hasi. Adapta ya aina nyingine, hata ikiwa imeandikwa volti 9, inaweza kuiua pedali, na adapta moja ya bei rahisi inayogawiwa pedali za kawaida na za tarakimu kwa pamoja mara nyingi huleta mlio mwembamba usiokoma. Mngurumo mzito wa hezi 50 au 100 una chanzo tofauti, ambacho kwa kawaida ni gita na miksa kuunganishwa na ardhi kwa njia mbili. Tiba yake halali ni swichi ya kutenganisha ardhi iliyo kwenye kisanduku cha DI. Wapo wanaotibu kwa kukata waya wa ardhi ndani ya plagi ya pini tatu, na mngurumo kweli hunyamaza, ila amplifaya ikipata hitilafu, umeme wa volti 240 hupanda kwenye nyuzi za gita na kumsubiri mpigaji akaribishe midomo kwenye maikrofoni. Mwimbaji wa gita moja, ambaye kazi yake yote ni kushika nyuzi huku mdomo ukiwa kwenye maikrofoni, ndiye aliye hatarini kuliko wote, na hakuna fundi wa mitambo anayestahili malipo akiruhusu waya huo ukatwe.

Kwa mpigaji wa Embu au Meru ambaye mfuko wake unamruhusu kununua kitu kimoja kwa wakati, cha kwanza kiwe kisanduku cha DI chenye ukinzani mkubwa na, ikiwezekana, kiigiza-spika, cha pili kiwe kompresa, mwangwi ufuate, na distoshoni ingoje hadi siku atakapokuwa na amplifaya ya gita iliyo yake. Tena asinunue chochote kwa kukisikia tu katika duka la Luthuli Avenue jijini Nairobi, ambako hujaribiwa kwa amplifaya ya muuzaji, bali aombe kukiazima au kukijaribu kwenye miksa ileile atakayoitumia Jumapili au Ijumaa usiku, mtu mwingine akiwa amesimama nyuma ya ukumbi kumwambia kinachosikika, kwa kuwa anayepiga husikia jukwaa na anayelipa husikia spika.